Siku Tuliyompeleka Malkia kwa Dume

Simu ilinikuta sokoni, Moshi mjini, nimeshika kichane cha mshare, nabishana na mama muuzaji aliyetaka kunipa ndizi ambazo hazijakomaa kwa maneno matamu. Godi, mdogo wake Ndeshi, akasema, "Dada Manka, Ndeshi ametutoka." Nami nikaendelea kushika zile ndizi kama mjinga. Sikulia hapo. Nililia baadaye kidogo, ilipopita pikapu iliyosheheni majani ya ng'ombe na vipande vya migomba, ikatuachia ile harufu mbichi yenye uchungu kidogo ambayo mtu aliyekulia Machame hahitaji kuambiwa ni ya nini. Mama muuzaji akadhani nalia kwa sababu ya bei, akanipunguzia.

Ninyi wa rika langu, mliokata majani kabla ya kengele ya shule mkaingia darasani na nyasi kwenye nywele, mtanielewa upesi. Kwetu ng'ombe hatembei. Anazaliwa bandani, analishwa bandani, anazeekea bandani. Ni sisi tuliotembea kwa niaba yake, tukashuka hadi tambarare kutafuta majani na kupanda tena na mzigo kichwani, shingo zimeingia mabegani. Mimi na Ndeshi tulikwenda safari hizo pamoja tangu tukiwa wadogo kiasi kwamba mzigo ulikuwa unatuzidi. Yeye alikuwa mwembamba, mwenye magoti makubwa, na hakuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa na maneno ya watu wawili, kwa hiyo tulitoshana.

Ng'ombe wa kwao aliitwa Malkia. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji, na alikuwa na kope ndefu ambazo niliwahi kumwonea wivu. Mama yake Ndeshi alifariki muda mfupi baada ya kumzaa Godi, na mtoto yule aliishi kwa maziwa ya Malkia. Bibi yao aliyachemsha, akayapoza, akamnywesha kwa kijiko huku Ndeshi amempakata. Nilikuwa nakaa jikoni kwao, kwenye moshi, natazama kijiko kinavyokwenda na kurudi. Hata mimi nilinyamaza. Watoto wengine wawili wa ukoo ule walikuwa wamezikwa mgombani kabla hawajajua kukaa, na kila mtu jikoni pale alikuwa analikumbuka hilo.

Sasa, mimi nilikuwa na siri. Malkia hakuwa wa kina Ndeshi. Alikuwa wa babu yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Meku. Wazee wetu walikuwa na desturi hiyo: mtu mwenye ng'ombe kadhaa hawaweki wote kwake. Mmoja anampeleka kwa fulani amlee, mwingine kwa fulani ng'ambo ya mto. Anayelea anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ndama wanakuwa wa mwenyewe, mpaka siku mwenyewe atakapoamua kumpa mlezi mmoja wao. Ila jambo hilo halisemwi. Kulisema ni kumvua nguo mtu anayelea, maana jirani zake wanaamini ng'ombe ni wake, na ni kumwanika mwenye mali mbele ya wenye macho ya kutamani, wakiwemo wanawe mwenyewe. Mimi nilijua kwa sababu Meku alinituma kila mara na magadi ya kulambwa na ng'ombe. "Peleka kwa baba yake Ndeshi," alisema, akanishika sikio. "Na ukisema ni ya nini, mdomo wako utakwenda upande." Nilijitazama kwenye maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, kila niliporudi, kuhakikisha mdomo uko palepale.

Iliniuma kumficha Ndeshi. Lakini nilijiona mkubwa pia, sitaki kudanganya. Alipokuwa anamkuna Malkia shingoni na kumwambia "ng'ombe wangu mimi," nilikuwa namtazama kwa huruma, kama vile mimi ni mama mchungaji na yeye ni mgonjwa.

Kisha ukaja msimu wa kipaimara cha kaka yangu. Mnajua kipaimara cha kwetu kinavyokuwa. Mtoto anakiri imani, ukoo unakula nyama. Jioni moja niliketi nje ya ukuta wa jiko nikimenya ndizi, ndani wakiwa Meku na baba mkubwa. Baba mkubwa alikuwa na sauti ya mtu anayehisi ameibiwa tangu siku aliyozaliwa.

"Mnyama yuko wapi, baba? Watu watakula maua?"

"Yupo," akasema Meku. "Yuko kwa watu. Atatosha."

Yuko kwa watu. Kisu kilinitoka mkononi. Mtu mzima angejiuliza: ng'ombe anayekamuliwa asubuhi na jioni anachinjwaje? Mimi sikujiuliza. Nilimjua ng'ombe mmoja tu wa babu aliyeko kwa watu, na haikunijia kabisa kwamba mzee yule anaweza kuwa na siri nyingine asizozipitisha mikononi mwangu. Nilichokiona akilini ni kijiko cha Godi, kikavu.

Kesho yake, tukiwa tumeketi ukingoni mwa mfongo tunaosha miguu, nilimwambia Ndeshi, "Nimesikia Malkia atachinjwa. Kipaimara cha kaka."

Nikasubiri. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kabisa wa kumjibu akiuliza kwa nini ng'ombe wao achinjwe kwenye sherehe yetu. Hakuuliza. Alitazama maji, uso ukamkauka, akasema tu, "Lini?"

"Jumapili hii inayokuja."

Akamalizia kuosha miguu. Kisha akasema, "Ng'ombe mwenye mimba hachinjwi."

Ni kweli. Hakuna mwanamume wa Machame wa wakati ule ambaye angetia kisu kwa ng'ombe mwenye ndama tumboni. Lingekuwa jambo la kumfuata hadi kaburini. Na dume lilikuwepo, kwa Mzee Anaeli, ng'ambo ya korongo. Sisi tulijua kwamba ng'ombe akipelekwa kwa dume anarudi na mimba. Tulijua hivyo kama tulivyojua kwamba mtu akienda dukani anarudi na chumvi. Kilichotokea katikati hatukukijua, kwa sababu siku hiyo wasichana hufukuzwa, tena kwa ukali, wakachote maji au wakatazame mbali. Msichana kumpeleka ng'ombe kwa dume! Hata kulisema tulilisema kwa kunong'ona, na mfongo ulikuwa unapiga kelele.

Baba yake Ndeshi alikuwa ameshuka Chekereni kwenye vibarua vya mpunga. Bibi alimfunga Godi mgongoni akaenda sokoni. Tukamfungua Malkia.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukumfahamu ng'ombe yule hata kidogo. Miaka ilikuwa imepita tangu alipotolewa bandani mara ya mwisho, kupelekwa kwa dume lililokuwepo kabla ya hili. Mwanga ulimpiga machoni akarudi nyuma, akajigonga kwenye nguzo, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe yeyote. Kwato zake zilikuwa zimerefuka na kupinda mbele. Kila hatua ilikuwa ni kujifunza. Ndeshi alivuta kamba mbele, mimi nikamsukuma nyuma, naye akawa anasimama kila baada ya mgomba, anatetemeka ngozi yote. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia kahawa alinyanyua kichwa, akatuuliza tunakwenda wapi na mnyama.

"Shikamoo mama. Kwa daktari wa mifugo," nikasema.

"Daktari anakaa huko?"

"Amehamia."

Ndeshi akanitazama kwa jicho la kuniambia funga mdomo.

Korongoni ndipo nilipotaka turudi nyuma. Watu walivuka kwa gogo, ng'ombe ilibidi ashuke hadi majini. Juu mlimani mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa ya udongo, yamepanda hadi magotini kwetu, na yanavuma. Malkia aliteleza kwenye mteremko. Niliona makalio yake yakishuka, niliona Ndeshi amezungusha kamba mkononi, jambo ambalo kila mtoto ameonywa asilifanye, na niliona kamba ikikaza. Alivutwa kifudifudi kwenye mawe. Nilipiga kelele, "Achia! Ndeshi, achia!" Hakuachia. Aliinuka ndani ya maji, akajipachika kwenye shingo ya ng'ombe, akamwekea mdomo sikioni, akawa anamsemesha Kichagga, polepole, maneno yale yale anayomsemesha Godi akikataa kijiko. Sijui walisimama hivyo kwa muda gani. Mimi nilikuwa naomba kwa sauti, tena naomba vibaya, nikimwahidi Mungu vitu ambavyo si vyangu. Kisha Malkia akanyanyua mguu mmoja, akauweka mbele, wakavuka. Ngozi ya kiganja cha Ndeshi ilikuwa imetoka yote.

Mzee Anaeli alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, mtu ambaye watoto walinyamaza akipita. Alitukuta tumesimama uani kwake, tumelowa, na ng'ombe anatokwa povu.

"Shikamoo," tukasema.

"Marahaba." Akazunguka ng'ombe mara moja. "Huyu ni wa nani?"

Dume halitolewi bila kumtaja mwenye ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu ndama ana mwenyewe. Nikisema ni wa kina Ndeshi, nimedanganya kuhusu mali ya babu. Nikisema ni wa babu, nimemvua nguo Ndeshi mbele ya mzee wa kanisa, na ng'ombe wake wa "wangu mimi" ameondoka.

"Ni wa kwao," akasema Ndeshi, akinionyesha kwa kidevu. "Ni wa Meku. Sisi tunamlea tu."

Nilimgeukia. Hakunitazama. "Najua tangu zamani," akasema, taratibu. "Ulikuwa unafurahi sana kunificha."

Nimepata aibu nyingi maishani, lakini ile ilikuwa ya kwanza kuniingia hadi kwenye vidole vya miguu. Wakati wote ule niliomwonea huruma, yeye ndiye aliyekuwa ananilea.

Mzee Anaeli akaenda nyuma ya nyumba. Akalileta dume, labda ili tuone wenyewe. Lilikuwa jeusi, zito, likitembea kana kwamba kiwanja chote ni chake. Mimi nilifunga macho kama nilivyofundishwa. Nikasikia pumzi, nikasikia Malkia akipiga teke ubao, kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea: mtafuno. Nikafungua jicho moja. Dume lilikuwa limemnusa, limegeuka, linakula majani.

"Hana joto," akasema Mzee Anaeli. "Hata mkimleta kila siku. Nani amewaambia ng'ombe anapandwa kwa kutaka kwenu?"

Hapo ndipo Ndeshi alipolia. Hakulia korongoni, alilia pale, akiwa amesimama wima, kiganja chake kinachuruzika damu kwenye gauni la shule. Akamweleza mzee yote: kipaimara, kisu, Godi, kijiko. Alikuwa hajamaliza wakati Meku na baba mkubwa walipoingia getini. Yule mama wa kwenye kahawa hakuwa mjinga.

Meku alikuwa anahema. Alitazama ng'ombe, akatutazama sisi, akajua mara moja kwamba siri yake imemwagika. "Nani amewaambia ninyi nitamchinja huyu?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Wa kipaimara ni yule ng'ombe mzee aliyeko Kibosho. Hazai tena. Huyu ana kosa gani?"

Tulitazamana na Ndeshi. Basi Malkia hakuwa hatarini hata kidogo. Ila sasa alikuwa, kwa sababu baba mkubwa alikuwa amesimama pale, na alikuwa anahesabu kichwani.

"Kibosho?" akasema. "Kwa hiyo yuko wa Kibosho, na yuko wa hapa? Wanangu wanakunywa chai ya rangi, baba. Kila asubuhi, chai ya rangi. Na maziwa yako yananywewa na watu baki, hatua chache kutoka mlangoni kwangu!" Akamshika Malkia pembe. "Twende Kibosho kutafuta nini? Tutachinja huyu. Kama hutaki, Jumapili nitasimama mbele ya ukoo wote niulize wengine wako wapi."

Meku akatazama fimbo yake. Mtoto anajua mtu mzima anaposhindwa. Ni jambo la kutisha kuliko fimbo. Akiwakatalia wanawe bila sababu, mbele ya ukoo, kwa ajili ya mtoto wa jirani, nyumba ingepasuka. Niliona mkono wake ukishika fimbo na kuilegeza. Kisha akamgeukia Mzee Anaeli.

"Mbe," akasema, kwa heshima wanayoitana wazee. "Dume lako limempanda?"

Mzee Anaeli alisoma somo kanisani kila Jumapili. Alikuwa mtu wa kumrudisha mtoto dukani kwa sababu ya peremende moja ya ziada. Alitazama kiganja cha Ndeshi.

"Limempanda," akasema.

Baba mkubwa akacheka kwa pua. "Mnanifanya mtoto." Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ni damu yake. "Wewe, Manka. Uliona?"

"Nilifunga macho, baba mkubwa," nikasema, na ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Akamgeukia Ndeshi, akiinama hadi uso wake ukamkaribia. "Na wewe?"

Mnielewe hapa. Msichana wa darasa la nne kusema mbele ya wanaume watatu kwamba ameshuhudia jambo hilo ilikuwa sawa na kujipaka matope mwenyewe. Alijua. Alifuta machozi kwa mkono ule mzima.

"Niliona," akasema. "Niliona kwa macho yangu."

Baba mkubwa akaiachia ile pembe. Akatema mate, akaondoka. Meku akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba haiwezekani kuchinja mimba, tutakwenda Kibosho, akachukua kamba, akamrudisha Malkia kwa njia ya juu isiyo na korongo. Tulikuwa hatujui kama ipo.

Ndeshi alilipia maneno yale. Bibi yake alimchapa. Kisimani akina mama walikuwa wanakohoa akipita, na wavulana wa shule walimwita "Mama Dume" mpaka tulipomaliza la saba. Hakuwahi kujitetea. Mimi nilipigana na wawili kwa ajili yake, nikashindwa na wote. Malkia alipopata joto, Meku alimpeleka kimyakimya kwa Mzee Anaeli, na ndama alipochelewa sana kuzaliwa, baba mkubwa akauliza hii mimba ni ya tembo au ya nini. Meku akamjibu kwamba ng'ombe wa mlimani hana haraka. Mimi na Ndeshi tuliposikia hivyo ilibidi tukimbilie mgombani tukacheke tumeshikana midomo. Tuliendelea kucheka hivyo tukiwa wake za watu, tukiwa na mvi. Ilitosha mmoja kusema "hana haraka" kanisani, na mwingine kutoka nje.

Tulimzika juzi kwao, kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba. Godi alisimama kusema neno la familia. Ni pande la mtu, ana kitambi na sauti nene, na wanawe walikuwa wamejipanga mbele yake. Alisema dada yake alimlea kama mama. Alisimulia habari ya ng'ombe. Alisema walitaka kumchinja yule ng'ombe aliyekuwa anampa uhai, lakini siku ileile, saa ileile, Mungu akamjalia ng'ombe yule mimba. Watu wakasema amina. Mimi nikageuka upesi, midomo imeshabanwa, kumtafuta Ndeshi kwa jicho.

Nilitafuta kweli. Nilipita sura moja moja, vitenge, kofia, mpaka nikafika kwenye sanduku.

Meku alishatangulia, Mzee Anaeli alishatangulia. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba dume lile lilikula majani. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie, na mtu mwenyewe ndiye huyu tuliyekuja kumzika. Nilihisi upweke ambao sikuwahi kuuhisi hata nilipomzika mama yangu.

"Dada Manka yuko hapa," Godi akasema, sauti ikimkatika. "Yeye ni shahidi. Alikuwepo siku ile. Dada Manka, uliona, sivyo?"

Wote wakageuka. Mchungaji akageuka. Wale watoto wa Godi, wazima, wenye afya, wakanitazama.

Nikasimama.

"Niliona," nikasema. "Niliona kwa macho yangu."